Neno la Herufi Nane

Msimamizi mpya wa chumba cha kufulia aliisukuma fomu juu ya meza kwa vidole viwili, akamwonyesha Dobi mahali pa kuweka saini.

"Hapa chini, mama. Kwamba umesoma na umeelewa."

Dobi aliivuta karatasi karibu. Yote ilikuwa ya Kiingereza. Jina lake alilitambua, miaka yake kumi na tisa ya kazi hospitalini aliitambua kwa tarakimu. Chini kabisa, kwenye mstari uliokaa peke yake, palikuwa na neno moja lililoandikwa kwa mkono, kwa wino mweusi na mwandiko wa kupendeza.

"Na hili?"

"Hilo ndilo la tathmini. Kila mfanyakazi anapewa neno moja la jumla."

"Ni zuri?"

Msimamizi alitabasamu. Nalisema hili mapema ili lisije likasahaulika: alitabasamu, meno yote nje, akasema, "Ni neno la kitaalamu tu, mama. Wewe usiwe na wasiwasi." Koti jeupe alilokuwa amevaa lilikuwa limefuliwa juzi na mikono ya mama huyo huyo.

Swali la Dobi halikuwa la umbea. Hospitali ilikuwa inaikabidhi kazi ya kufua kwa kampuni kuanzia mwanzo wa mwezi, na katika wafanyakazi kumi na sita kampuni ingebaki na kumi. Wa kubaki wangechaguliwa kwa fomu hizi, na hilo hata mfagizi wa getini alilijua. Kwa hiyo alipoambiwa asiwe na wasiwasi, Dobi aliushusha wasiwasi wake kweli, akaweka saini yake ya herufi kubwa kubwa, akapokea nakala.

"Asante sana, mwanangu," alisema. Alishukuru! Mtu amechinjwa na bado anashukuru kisu.

*

Nyumbani, mumewe aliishika ile nakala kwa ncha za vidole ili asiichafue. Yeye ni mchora mabango, na mtaani wote wanamwita Brashi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuandika tu: mteja akileta maneno kwenye karatasi, Brashi anayahamishia ukutani herufi kwa herufi, na hajawahi kukosea. Maana aliwaachia wenye nayo.

"Slovenly," alisoma, kwa namna yake. "Silovenli. Limekaa vizuri mdomoni."

"Kasema la kitaalamu."

"Umeona? Wenzako wanaandikiwa 'mchapakazi', 'mwaminifu', maneno ya kila siku. Wewe umepewa la kitaalamu. Miaka kumi na tisa, mke wangu, si mchezo."

"Ungemuuliza mtu."

"Nimuulize nani? Niende kwa watu na fomu ya mke wangu, waanze kunionea huruma kwamba sijasoma? Mtu akikusifia unakwenda kuomba tafsiri?"

Watoto wao wawili wadogo walilidaka neno hapo hapo, wakalizungusha uani: silovenli, silovenli, mama ni silovenli. Dobi alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa Jumatatu, na kwa wiki kadhaa hakuwa amecheka hivyo.

Kulikuwa na ahadi ya zamani kati ya wawili hawa. Jumamosi Dobi alifua nguo za watu nyumbani, mapazia na mashuka na suti za wanaotoka safari, na Brashi alikuwa amemwahidi bango tangu mtoto wa mwisho hajatambaa. Mchora mabango ambaye mkewe hana bango! Majirani walikuwa wamemtania hadi wakachoka. Sasa alipata sababu. Jumatano alipata kipande cha bati kutoka kazi aliyoimaliza, akakisugua, akakipiga rangi nyeupe mara mbili. Alihesabu herufi: nane. Akapima nafasi kwa rula, akaziandika kwa nyekundu, akazitia kivuli cha njano, na chini akaongeza maneno ya kichwa chake mwenyewe kwa buluu. Alhamisi asubuhi bango lilikuwa juu ya mlango, linatazama barabara:

DOBI SLOVENLY
NGUO YAKO ITARUDI MPYA

Dobi alisimama barabarani na ndoo yake mkononi, akalitazama muda mrefu. "Limependeza, baba watoto," alisema. Brashi alijifanya anakagua msumari ili asionekane anavyofurahi.

Siku hiyo na iliyofuata watu walipita. Wasiojua Kiingereza walisema bango zuri. Waliojua walisema vilevile, bango zuri, halafu wakapiga kona na kucheka hadi machozi. Hawa ndio ninaowasema. Aliyelisifu kwa kutojua ana udhuru wake, lakini mtu anayeliona shimo, akakuona unalikaribia, akasogea pembeni ili akutazame vizuri ukitumbukia, huyo simwelewi hata leo.

*

Jumamosi binti yao mkubwa alikuja kutoka chuo cha ualimu, begi begani. Mtaani walimwita Ticha tangu darasa la tano, kwa sababu ya tabia yake ya kusahihisha watu. Alifika mlangoni, akainua macho, akasimama.

"Baba!"

Brashi alitoka na kikombe cha chai mkononi, uso umechangamka. "Umeliona?"

"Nani kakupa hili neno?"

"Mama yako kapewa kazini. Tathmini! Subiri nikuletee fomu uone mwenyewe."

Ticha aliipokea fomu. Aliisoma yote kutoka juu, taratibu, na alipofika kwenye mstari wa chini akaurudia mara mbili.

"Literemshe bango, baba."

"Kwa nini? Rangi haijakauka vizuri."

"Literemshe kwanza, ndio uniulize."

Dobi alikuwa ametoka uani, mikono ina povu hadi viwikoni. "Mwanangu, hebu sema. Usinizungushe mimi kama mgonjwa."

Ticha aliingia ndani akatoa kamusi kwenye begi. Neno alilijua vizuri sana. Alichotaka ni kamusi iliseme badala yake. Alitafuta ukurasa, akaweka kidole, na mwisho ikabidi aliseme yeye.

"Ni mchafu, mama. Mchafu na mzembe."

"Kitu gani kichafu?"

"Wewe. Halisemwi kwa kitu. Kitu kichafu kina neno lake jingine, shati lililoingia tope lina neno lake. Hili ni la mtu, au kazi ya mtu. Mtu ambaye uchafu ni tabia yake. Hajijali, hajitazami, anafanya kazi ovyo na wala haoni aibu. Na hapa wameandika kabisa kwamba hutumika kwa kudharau."

Povu lilikuwa linadondoka kwenye kizingiti. Dobi alilitazama, kisha akajifuta mikono kwenye kanga, mmoja baada ya mwingine, akirudia mahali ambapo tayari palikuwa pakavu.

"Na mimi nimeweka saini."

"Umeweka. Kwamba umesoma na umeelewa."

"Nikamwambia asante."

Hapo ndipo lilipomwingia Brashi akilini. Kikombe alikiweka chini, akapanda juu ya ndoo bila ngazi, akaanza kulivuta bati kwa mikono mitupu. Msumari mmoja ulikuwa umeshika sana. Alilivuta hadi likamkata kiganja, na mkewe hakumwambia ajihadhari.

"Alikuonaje lakini?" Ticha aliuliza. "Huyo msimamizi. Alikukuta na nini?"

"Alinikuta upande mchafu," Dobi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza kazi kwa mgeni. "Kule kwetu kuna mstari wa njano sakafuni. Upande wa huku ndiko mashuka yanakoingia kutoka wodini, na damu yake, na kila kitu chake. Upande wa kule ndiko yanakotoka yamepigwa pasi. Huku hatuvai sare. Tunavaa magauni ya wagonjwa yaliyoondolewa kwenye matumizi, yale yaliyochanika na yenye madoa yaliyogoma, kisha ukitaka kuvuka mstari unalivua, unanawa hadi kwenye kiwiko, unavaa sare. Sare ya buluu haijui damu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na niliyemkuta, na mimi nimewafundisha wote pale. Yeye alikuja na leso puani, ndiyo maana tunamwita Leso. Alisimama dakika tatu. Mstari hakuuvuka."

"Na hukumweleza?"

"Hakuniuliza, mwanangu. Angeniuliza ningemweleza. Mimi ndiye niliyemuuliza yeye."

*

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la dawa, na mwenyewe alijulikana kwa jina la Bwana Dawa. Alikuwa msomi wa mtaa. Barua za watu za Kiingereza zilisomwa kwake. Ijumaa alikuwa amemwita Brashi kwa sauti kutoka dukani: "Fundi! Bango lako limenikosha kabisa!" Sasa Brashi alivuka barabara akiwa amefunga kiganja kwa kitambaa, na Ticha nyuma yake akimwomba arudi.

"Ulijua maana yake?" Brashi aliuliza.

Bwana Dawa aliwatazama wateja wake wawili kwanza. "Maana ya nini, fundi?"

"Usinichezee. Ulijua?"

"Mimi nilidhani labda... ni mtindo wa biashara. Siku hizi watu wanaweka majina ya ajabu ajabu."

"Mke wangu alimhudumia mtoto wako alipolazwa. Alikuja na shuka safi kila siku kutoka nyumbani kwangu kwa sababu yale ya wodini yalikuwa hayatoshi. Siku tano. Halafu unasimama hapa, unaona nimeandika juu ya mlango wangu, kwa mkono wangu, kwamba ni mchafu, unaniambia limekukosha?"

"Fundi, nisingependa kukuvunja moyo."

"Ukanivunja uso."

Mmoja wa wateja alikuwa anatazama chini, na kifua kinamtikisika. Ticha aliona simu yake, na kwenye simu aliona mlango wao na bango lao, na chini yake maneno ya watu wasiowajua, wakicheka. Alimshika baba yake mkono usio na kidonda, akamrudisha nyumbani kama mtu anavyomvusha mzee. Brashi alikuwa na miaka arobaini na sita.

*

Jumapili baada ya adhuhuri alikuja Mama Pasi, mwenzake Dobi wa miaka mingi, anayesimamia mashine za kunyoosha upande safi. Hakupiga hodi. Aliingia, akakaa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye pochi.

"Nimeliona bango lako kwenye simu ya mpwa wangu," alisema. "Kila mtu anacheka, mimi sicheki. Nikasema, hili neno mbona ninalo?"

Ticha aliifungua. Mwandiko ule ule wa kupendeza. Neno lile lile.

"Wewe?" Dobi alisema. "Wewe ambaye kola ikibaki na kunyanzi unairudisha kwa matusi?"

"Mimi. Aliniambia nisiwaonyeshe wenzangu, ni siri ya mwajiri na mwajiriwa. Na mimi, ningemuuliza nani? Nimewadanganya watoto miaka yote kwamba Kiingereza nakisikia kidogo."

Hapo ndipo wanawake wawili walipotazamana na kuona kitu kimoja. Kila mmoja alikuwa ameitwa peke yake, akaonyeshwa mahali pa saini, akatabasamiwa. Na kila mmoja aliificha karatasi kwa aibu ile ile, aibu ya kutojua Kiingereza. Leso hakuhitaji kufuli. Aibu yao ilikuwa inamlindia mlango. Mama Pasi alipiga simu nne, tano. Kufikia alasiri kulikuwa na wanawake sita kwenye sebule ya Dobi, wawili sakafuni, na karatasi sita juu ya meza zenye neno moja. Wafanyakazi wengine kumi, vijana, hawakuwa na neno hilo. Mama Pasi aliwauliza wote kwa simu, na Ticha akalitafsiri la kila mmoja: la kuridhisha.

"Sisi sita tuna nini sisi?" aliuliza mmoja.

"Miaka," Dobi alisema polepole. "Hesabuni. Hakuna hapa mwenye chini ya kumi na tano."

"Na mwenye miaka ndiye mwenye mshahara," Mama Pasi alisema. "Kampuni haitaki kutulipa, ila haitaki kusema. Akufukuzaye hakwambii toka. Anakuandikia."

Ticha alikuwa bado ameinamia karatasi. "Huyu alikuja kuwakagua lini?"

"Siku ya boila kuharibika," walijibu watatu kwa pamoja, kwa sababu hakuna aliyeisahau siku hiyo. Maji ya moto yalikatika, wakafua mashuka ya wodi ya wazazi kwa mikono. "Tarehe tano."

"Fomu zote zimejazwa tarehe tatu."

Kwa siku nzima Dobi alikuwa na uchungu, na uchungu ulimfanya aonekane mdogo kwenye kiti chake. Sasa uchungu uliondoka, ukaja kitu kingine, kizuri zaidi kwa afya. Alikasirika. Alikuwa amekesha akijiuliza kama kweli ile siku alikuwa amejisahau, kama gauni lilichanika kupita kiasi, kama ananuka na watu wanamstahi. Kumbe hata hakuwa ameangaliwa.

"Kesho ndiyo siku ya saba," Ticha alisema. "Imeandikwa hapa kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Anayepinga apeleke barua ndani ya siku saba. Nikiandika leo, mtasaini?"

"Kwa Kiingereza?" aliuliza yule wa sakafuni.

"Kwa Kiswahili," Dobi alisema. "Safari hii nataka nijue ninasaini nini."

*

Ofisi ya utumishi ilikuwa na meza mbili, kabati la chuma na feni iliyoelekezwa kwa afisa peke yake. Afisa Utumishi alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, si mbaya. Alimwita Dobi aingie na bintiye. Wale watano aliwaacha kwenye benchi la nje, mlango wazi. Leso alikuwa tayari ameketi kando ya meza, mguu juu ya mguu.

"Barua hizi hazifuati utaratibu," Leso alisema kabla hajaulizwa. "Fomu ni ya Kiingereza. Majibu yawe ya Kiingereza. Halafu mama alisaini kwamba ameelewa."

Afisa aliisoma barua ya kwanza, akaitazama ya pili, akaona zinafanana, akaziweka chini. Alivua miwani. "Mama yangu," alimwambia Dobi kwa sauti ya chini, "nakufahamu. Miaka yote hii sijawahi kupata shuka lenye doa kutoka kwenu. Tusikuze mambo. Fomu yako nikiibadilisha sasa hivi, tukaweka neno la kuridhisha, na wewe ukachukua barua yako, utakuwa kwenye orodha ya wanaobaki. Leo hii."

"Na wenzangu?"

"Mimi nazungumza na wewe."

Usidhani Dobi hakutamani. Alitamani sana. Rangi ya mabango ilikuwa inaleta pesa mwezi huu na kukata mwezi ujao, Ticha alikuwa amebakiza mwaka mzima chuoni, wadogo zake ndio kwanza wanaanza. Kazi aliyoijua ilikuwa mbele yake, anapewa kwa mkono. Aligeuka akatazama mlangoni. Mama Pasi alikuwa amesikia kila kitu, na alikuwa anatazama ukuta, ili asimtie mwenzake kwenye mtihani. Hilo la kutazama ukuta ndilo lililomshinda Dobi.

"Kabla hatujabadilisha," alisema, "naomba huyu bwana aniambie maana yake."

Leso alishusha mguu. "Mama, tulishaongea."

"Hatukuongea. Nilikuuliza ukacheka na mimi. Sasa nakuuliza mbele ya watu."

"Ni neno linalomaanisha mfanyakazi ambaye... hazingatii viwango vya unadhifu na ufanisi."

"Nyumbani kwako ukimkuta mtoto hajaoga, unamwambia hazingatii viwango?"

Mpiga chapa wa meza ya pili alikohoa, na haikuwa homa.

"Sema kama tunavyosema," Dobi alisema. "Mimi ni mtu mzima, sitaanguka. Niite."

Leso alimtazama Afisa ili amwokoe. Afisa alikuwa anazitazama karatasi sita, na alikuwa ameanza kuzipanga moja kando ya nyingine kama karata.

"Mimi siwezi kusema hivyo kwa mama mtu mzima," Leso alisema mwishowe.

"Ila kuandika uliweza."

"Kuandika ni kazi."

"Kazi!" Sauti ya Dobi ilipanda na hakuishusha. "Unafikiri ukiliandika kwa lugha ya watu halina mdomo? Limesema, bwana mdogo. Mume wangu kalipandisha juu ya mlango wangu kwa kuniheshimu, na mtaa mzima umelisoma. Wanangu wameliimba. Usingeweza kunitamkia hapa nilipo, lakini uliweza kulituma nyumbani kwangu, nilibebe mwenyewe, na saini yangu chini, na asante juu yake! Hivi wewe, ulipofika tarehe tano na leso yako puani, kuna kitu ulikuwa unatafuta? Si ulikuwa umeshamaliza?"

"Tarehe tano?" Afisa aliuliza.

"Alikuja siku ya boila," Mama Pasi alisema kutoka mlangoni. Hakuna aliyemruhusu kuingia, na hakuna aliyemzuia. "Kitabu cha boila kipo, mama, kimesainiwa na fundi. Tarehe tano. Kabla ya hapo hajawahi kutia mguu kwetu."

Afisa alitazama fomu ya kwanza, kidole kikiwa kwenye tarehe. Kisha ya pili. Alizitazama zote sita, na kila alipofika kwenye inayofuata uso wake ulizidi kuwa mgumu, kwa sababu chini ya kila moja kulikuwa na saini yake mwenyewe, aliyoweka bila kusoma. Hilo nalo lisemwe. Hakuna aliyesoma pale. Walioelewa Kiingereza hawakusoma, na waliotaka kusoma hawakukielewa.

"Uliwakagua lini hawa?" alimuuliza Leso.

"Niliambiwa orodha iwe tayari mapema. Na kampuni walisema wanapendelea..."

"Nimekuuliza lini."

Leso aligeuza macho kwenye kabati la chuma. Afisa alifungua droo, akatoa mhuri, akaugonga kwenye barua ya Dobi: imepokelewa, na tarehe. Kisha akaugonga kwenye ya Mama Pasi, na zile nyingine nne, kwa kishindo kile kile.

"Zimepokelewa kwa Kiswahili," alisema. "Zikishapokelewa, lazima zisikilizwe na kamati, na kabla ya kamati orodha haiwezi kutoka. Hakuna anayeondoka mwanzo wa mwezi. Si wewe, si wao." Akamtazama Dobi. "Sikuahidi zaidi ya hapo. Kampuni ina nguvu."

"Sijakuomba zaidi," Dobi alisema. "Na la kuridhisha kaa nalo kwanza. Tutalichukua wote au tuliache."

Alichukua nakala zao zenye mhuri, akazigawa kwenye benchi moja moja, na kila mwanamke aliisoma yake mwenyewe, midomo ikitembea, hadi mwisho. Mmoja alianza kulia, Mama Pasi akamwambia aende kulia nyumbani, hapa wasiwape hata hicho. Walikuwa wameshafika kwenye ngazi pale Leso alipowafuata. Aliangaza nyuma kwanza kuhakikisha mlango wa ofisi umefungwa.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Samahani. Mimi pia nilikuwa natumwa."

Dobi alimtazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye kola. Wenzake walidhani atamtukana, na Ticha alimshika mkono. Hakumtukana.

"Niandikie," alisema.

"Mama?"

"Hiyo samahani. Mdomo wako sina kazi nao. Kaa hapo kwenye ngazi uniandikie, kwa Kiswahili, na jina la kila mmoja wetu. Mwandiko wako mzuri, tunaujua. Ukimaliza, weka saini."

Leso alicheka kidogo, akitafuta mwenye kucheka naye. Hakumpata. Wanawake sita walikuwa wamesimama wameziba ngazi, na Ticha alikuwa amekwisha kumnyooshea kalamu.